Bei ya Jana Haisemi Yote: Kuzisoma na Kuzitumia Kumbukumbu za Bei za Hisa



Tarehe 9 Juni 2008 hisa za Safaricom zilianza kuuzwa na kununuliwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Serikali ya Kenya ilikuwa imeuza hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni nzima, kwa shilingi 5 kila moja, na watu walipanga foleni kwa madalali na kwenye mabenki kana kwamba hisa zingekwisha kabla ya adhuhuri. Wengine walikopa ili wasipitwe. Siku ile ya kwanza bei ilivuka shilingi 7. Mwisho wa mwaka 2011 hisa ileile ilikuwa inauzwa chini ya shilingi 3. Mwaka 2021 ilipita shilingi 40. Mwisho wa 2023 ilikuwa imerudi chini ya shilingi 15.

Hebu tujiulize: Safaricom ilikuwa hisa nzuri ya kuwekea fedha, au mbaya?

Jibu linategemea umeanza kuhesabu siku gani. Aliyenunua katika mauzo ya awali kwa shilingi 5 alikaa miaka mitatu na nusu akiangalia mali yake ikipungua kwa asilimia 40. Aliyenunua mwisho wa 2011, pengine kutoka kwa huyo aliyekata tamaa, aliona fedha zake zikizidi mara kumi na tatu kabla ya 2021 kwisha. Naye aliyeingia kwa shilingi 40 baada ya kuona grafu imepanda vizuri miaka yote hiyo, alipoteza zaidi ya asilimia 60 ndani ya takriban miaka miwili. Kampuni ni ile ile, hisa ni ile ile, jedwali la bei ni lile lile. Kwa hiyo mtu akija kwenu na grafu ya hisa yoyote, kabla hamjatazama mstari unaelekea wapi, tazameni umeanzia wapi, na mwulizeni kwa nini amechagua kuanzia hapo. Mara nyingi sana tarehe ya mwanzo imechaguliwa na mtu mwenye kitu cha kuuza.

Nimekuja kuzungumza juu ya bei za zamani za hisa kwa sababu naona zinatumiwa vibaya na watu wa aina mbili. Wapo wanaozipuuza, wakanunua kwa kusikia tu kwamba fulani ametajirika. Wapo pia wanaoziamini kupita kiasi, wakadhani kwamba kila kitu kimo ndani ya mstari ule unaopanda na kushuka. Hoja yangu ni kwamba bei ya zamani ni ushahidi, na ushahidi mzuri, lakini ni ushahidi wenye mapengo. Mwekezaji anayejua mapengo hayo yako wapi hadanganywi kirahisi.

Tuanze na pengo kubwa kuliko yote, ambalo ni gawio.

Turudi kwa yule mtu wa mwaka 2008, aliyenunua kwa shilingi 5 na hakuuza kamwe. Grafu ya bei inamwambia kwamba mwisho wa 2023, baada ya zaidi ya miaka kumi na tano, shilingi 5 zake zimekuwa kama 14. Ukipiga hesabu ya riba juu ya riba, ni chini kidogo ya asilimia 7 kwa mwaka. Katika miaka hiyo mfumuko wa bei nchini Kenya mara nyingi ulikuwa kati ya asilimia 5 na 10, na Novemba 2011 ulikaribia asilimia 20. Maana yake, kwa mujibu wa grafu peke yake, mtu huyu alisimama pale pale: thamani ya fedha ilipungua takriban kwa kasi ile ile ambayo hisa ilipanda.

Lakini Safaricom ilikuwa inalipa. Kwa mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2020 iligawa shilingi 1.40 kwa kila hisa. Uliofuata, 1.37. Halafu 1.39. Halafu 1.20, na tena 1.20 kwa mwaka ulioishia Machi 2024. Jumlisheni: ni shilingi 6.56 kwa miaka mitano tu. Hata baada ya kukatwa kodi ya asilimia 5 inayokatwa mkazi wa Kenya, zinabaki zaidi ya shilingi 6. Yaani mtu aliyenunua hisa kwa shilingi 5 alirudishiwa fedha yake yote na ziada kwa gawio la miaka mitano pekee, na hisa bado anayo. Katika grafu ya bei, shilingi hizo hazionekani popote. Zaidi ya hapo, siku daftari la wanahisa linapofungwa, anayenunua baada ya hapo hapati gawio hilo, kwa hiyo bei hushuka kidogo. Grafu inaonyesha hasara siku ambayo mwenye hisa amepata haki ya kulipwa.

Wataalamu wa data wana njia ya kuziba pengo hili. Wanarekebisha bei za nyuma. Tuseme hisa ilifunga kwa shilingi 20 na kesho yake ikaanza kuuzwa bila haki ya gawio la shilingi 1. Shilingi 1 ni asilimia 5 ya 20, basi bei zote za kabla ya siku ile zinazidishwa kwa 0.95. Iliyokuwa 10 inaandikwa 9.50. Kila gawio jipya likilipwa, bei zote za nyuma zinashushwa tena. Matokeo yake ni mfululizo wa namba ambao ukiufuata kutoka mwanzo hadi mwisho unakuonyesha faida kamili, kana kwamba kila gawio lilitumika kununua hisa zaidi.

Njia hiyo ni sahihi, lakini ina matokeo mawili ambayo huwachanganya watu. La kwanza, bei iliyorekebishwa si bei ambayo mtu aliwahi kulipa. La pili, ukichukua data za hisa moja leo na ukazichukua tena baada ya mwaka, bei za mwaka 2010 zitakuwa tofauti, ingawa mwaka 2010 haujabadilika. Nimeona watu wakibishana kwa hasira juu ya bei ya siku moja, wote wawili wakiwa na haki, kwa sababu mmoja alikuwa na bei halisi na mwenzake bei iliyorekebishwa. Kanuni yangu ni hii: ukitaka kujua mtu alilipa kiasi gani, tumia bei halisi, ukitaka kujua alipata faida gani, tumia iliyorekebishwa, na usizichanganye katika hesabu moja.

Kugawanywa kwa hisa nako kunahitaji marekebisho kama hayo, tena hapa kosa lake ni kubwa zaidi. Mwaka 2009 benki ya Equity iligawanya kila hisa yake moja kuwa kumi. Aliyekuwa na hisa 100 aliamka na hisa 1,000, kila moja ikiwa na thamani ya moja ya kumi. Hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Lakini katika data zisizorekebishwa, siku ile inaonekana kama benki imeporomoka kwa asilimia 90. Kompyuta ikipewa data kama hizo bila maelezo itakuambia kwamba Equity ilikuwa hisa ya hatari kupindukia. Mfano wa Marekani ni wa kushangaza zaidi. Apple iliuzwa kwa umma mara ya kwanza tarehe 12 Desemba 1980 kwa dola 22. Tangu hapo hisa zake zimegawanywa mara tano: moja kuwa mbili mwaka 1987, 2000 na 2005, moja kuwa saba mwaka 2014, na moja kuwa nne mwaka 2020. Zidisheni, mtapata hisa 224 kutokana na ile moja. Ndiyo maana jedwali lililorekebishwa linasema hisa ya Apple mwaka 1980 ilikuwa kama senti kumi za dola. Hakuna aliyewahi kuinunua kwa senti kumi.

Sasa niwahadithie data hizi zilivyozaliwa, maana jambo hili halijulikani sana na lina funzo kwetu.

Hadi mwaka 1960, Marekani yenyewe, yenye soko kubwa kuliko yote duniani, haikuwa na jibu la uhakika kwa swali jepesi: mtu wa kawaida anayenunua hisa na kukaa nazo hupata faida kiasi gani kwa mwaka? Fahirisi ya Dow Jones ilikuwapo tangu 1896, ikianza na kampuni 12, lakini fahirisi ile haikuhesabu gawio, na kampuni zake zilikuwa chache zilizochaguliwa. Louis Engel, aliyekuwa akisimamia matangazo katika kampuni ya udalali ya Merrill Lynch, alitaka kuutangazia umma kwamba hisa ni mahali pazuri pa kuweka fedha. Akauliza kama kuna ushahidi. Swali likamfikia James Lorie, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye alijibu kwamba ushahidi haupo, ila unaweza kutafutwa kama kuna fedha. Merrill Lynch ikatoa fedha.

Lorie na mwenzake Lawrence Fisher walianzisha kituo cha kukusanya bei. Walichukua hisa zote za kawaida zilizowahi kuuzwa katika Soko la Hisa la New York tangu Januari 1926, bei ya mwisho ya kila mwezi, gawio kwa gawio, mgawanyo kwa mgawanyo. Kila kampuni iliyoungana na nyingine, iliyobadilisha jina, iliyolipa wanahisa wake kwa hisa badala ya fedha, ilibidi ifuatiliwe katika nyaraka za zamani. Kazi iliyodhaniwa kuwa ya kunakili ikawa kazi ya uchunguzi iliyochukua miaka. Walipotoa matokeo yao Januari 1964, jibu lilikuwa hili: kutoka 1926 hadi 1960, pamoja na mdororo mkuu wa uchumi na vita, mtu asiyelipa kodi aliyerudisha kila gawio sokoni angepata takriban asilimia 9 kwa mwaka. Magazeti yaliandika habari ile kwa sababu kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na namba ya kuaminika. Elimu ya fedha inayofundishwa leo vyuoni, pamoja na vyetu, imejengwa kwa sehemu kubwa juu ya data zile.

Na hata hizo zilikuwa na pengo. Mwaka 1997 mtafiti Tyler Shumway alionyesha kwamba kampuni nyingi zilizoondolewa sokoni kwa sababu mbaya, kama kufilisika, hazikuandikiwa hasara yao ya mwisho. Bei yao ilikuwepo mwezi huu, mwezi ujao haipo, na hesabu inaendelea kana kwamba mwenye hisa ametoka salama. Kumbe alitoka karibu mikono mitupu. Miaka zaidi ya thelathini ya uangalifu wa Chicago, na bado waliokufa hawakuhesabiwa sawasawa.

Kwetu pengo hilo ni pana zaidi. Kampuni ya sukari ya Mumias iliingia soko la Nairobi mwaka 2001 na kwa miaka kadhaa ilikuwa kipenzi cha wawekezaji wadogo. Mwaka 2019 hisa zake zilisimamishwa kuuzwa, kampuni ikiwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa mali za kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Ukichukua leo kampuni ambazo hisa zake bado zinauzwa na kununuliwa sokoni na kuhesabu wastani wa faida yao kwa miaka ishirini iliyopita, Mumias haimo. Umewauliza walionusurika peke yao habari za safari, na kwa kawaida wao husema safari ilikuwa njema. Kila hesabu ya aina hiyo inapendeza kuliko ukweli, na mwenye kuitoa lazima aulizwe: walioanguka mmewaweka wapi?

Nataka nikae kidogo kwenye safu ambayo wengi hawaitazami. Jedwali la kawaida la bei lina tarehe, bei ya kufungulia, ya juu kabisa, ya chini kabisa, ya kufungia, na mwishoni idadi ya hisa zilizouzwa. Macho ya watu huenda kwenye bei ya kufungia. Mimi nawashauri muanzie mwisho, kwenye idadi ya hisa, hasa katika masoko yetu.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara Aprili 1998 na kampuni moja tu, TOL. Limekua sana, lakini bado zipo hisa zinazokaa siku nyingi bila kuguswa. Bei ya Tanzania Breweries ilibaki shilingi 10,900 kwa kipindi kirefu sana. Ukiichora, unapata mstari ulionyooka, na hesabu za hatari zinakuambia kwamba hii ni hisa tulivu, karibu sawa na fedha taslimu benki. Utulivu ule haukutokana na wanunuzi na wauzaji kukubaliana kila siku kwamba thamani ni 10,900. Ulitokana na uchache wa biashara. Mwenye hisa elfu hamsini aliyehitaji fedha za matibabu wiki ile asingeweza kuutegemea mstari ule. Kenya Airways ni mfano ulio wazi zaidi: hisa zake zilisimamishwa Julai 2020 na kurudi sokoni Januari 2025, na muda wote huo bei iliyoandikwa ilikuwa shilingi 3.83. Ni bei ya siku moja iliyonakiliwa kwa miaka minne na nusu.

Tena bei ya kufungia yenyewe si lazima iwe bei ya muuzo wa mwisho wa siku. Nairobi huitafuta kwa kuchukua wastani wa mauzo ya siku nzima, muuzo mkubwa ukihesabiwa zaidi ya mdogo. Ni njia nzuri, kwa sababu inamzuia mtu mwenye hila kununua hisa chache dakika ya mwisho ili kuipandisha bei. Ila mjue kwamba mnachosoma ni wastani.

Baada ya yote hayo, data hizi zinafaa nini?

Zinafaa sana kujua maumivu yanaweza kuwa makubwa kiasi gani. Chukua hisa unayoitaka, tafuta bei yake ya juu kabisa katika kila kipindi na bei ya chini iliyofuata, upige hesabu ya asilimia. Kisha uhesabu ilichukua muda gani kurudi pale ilipokuwa. Dow Jones ilikuwa 381.17 tarehe 3 Septemba 1929. Tarehe 8 Julai 1932 ilikuwa 41.22, na haikurudi juu ya kilele chake mpaka Novemba 1954. Kwa wale waliorudisha gawio lao sokoni kungoja kulikuwa kufupi zaidi, maana gawio liliendelea kulipwa na bei za bidhaa zilikuwa zimeshuka, lakini hata hivyo ilikuwa miaka mingi. Japani, fahirisi ya Nikkei ilifika 38,915 mwisho wa 1989 na ikakivuka kilele hicho Februari 2024. Mstaafu hana miaka 34 ya kusubiri. Ada ya shule ya Januari haisubiri hata miezi minne. Hapo ndipo bei za zamani zinapotoa msaada wa kweli: zinakuambia fedha zipi usizipeleke sokoni.

Zinafaa pia kulinganisha. Chagua muda unaokusudia kukaa na hisa, tuseme miaka mitano, kisha usipime kipindi kimoja. Pima kutoka Januari 2010 hadi Januari 2015, halafu kutoka Februari 2010, halafu Machi, mpaka data ziishe. Utapata matokeo mengi, mazuri na mabaya, na utaona yametawanyika kwa upana gani. Weka kando yake faida ya hatifungani za serikali kwa muda ule ule, utoe mfumuko wa bei, utoe kamisheni ya dalali na tozo za soko. Kazi hiyo inafanyika kwa kompyuta ya kawaida kwa jioni moja, na kikundi cha kuweka akiba kikiifanya pamoja kitajifunza zaidi kuliko kwa semina kumi.

Hazifai kutabiri bei ya wiki ijayo. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu vijana wetu wanalipa fedha kila mwezi katika vikundi vya simu kupata "ishara" za kununua na kuuza zinazodaiwa kutoka kwenye michoro ya bei. Anayetafuta kanuni ndani ya data za zamani ataipata tu. Jaribu kanuni mia moja juu ya bei za miaka kumi, na kwa bahati peke yake kadhaa zitaonekana zimetajirisha. Muuzaji atakuonyesha hizo kadhaa, zile tisini na ushei atazifuta. Kama mtu ana kanuni kweli, aitafute katika nusu ya kwanza ya data na kuipima katika nusu ya pili ambayo hakuigusa. Aangalie pia kama haikutumia habari ambazo siku ile hazikuwepo. Hesabu za mwaka unaoishia Desemba hutangazwa miezi kadhaa baadaye, na kanuni inayozitumia Januari inajua mambo ambayo hakuna mwekezaji aliyeyajua Januari.

Nafika kwenye ombi langu.

Kazi iliyofanywa Chicago kuanzia 1960 haijafanywa kwa ukamilifu katika masoko yetu kwa namna ambayo mwananchi anaweza kuifikia. Ripoti za kila siku zinatolewa, na hilo nalishukuru. Lakini mwalimu wa sekondari wa Dodoma au mkulima wa chai wa Kericho anayetaka bei za kila siku za tangu mwanzo, zikiwa na gawio, migawanyo ya hisa, idadi ya hisa zilizouzwa, na kampuni zilizoondolewa sokoni, hana pa kuzipata kwa wepesi. Data za miaka mingi huuzwa, na wanaozinunua ni wale ambao tayari wana fedha na wataalamu. Soko la Nairobi lilianzishwa mwaka 1954. Magazeti ya zamani yenye bei zake yamo katika maktaba na hifadhi za nyaraka. Data zote za Dar es Salaam tangu 1998 zinaingia katika faili moja ambalo simu ya mkononi hulibeba bila taabu.

Naziomba bodi za masoko yote mawili zifungue kumbukumbu hizo kwa umma bila malipo. Naviomba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Nairobi viwape wanafunzi wao kazi ya kuzikagua na kuzirekebisha, waandike kwa Kiswahili jinsi marekebisho yalivyofanyika, na waanze na kampuni zilizoanguka, kwa sababu hizo ndizo ambazo nyaraka zake zinapotea kwanza.